Nukta za Njano za Baba Kulwa

Baba Kulwa,

Salamu nitaziruka, maana hali yako naijua, na yangu ungeijua kama ungekuwepo. Nimekaa kwenye meza ya chakula, nimesukuma pembeni madaftari ya darasa la nne, nakuandikia kwa sababu kuna mambo nimeyabeba tangu Jumamosi na sina mtu mwingine wa kumgombeza. Kila ninayemgombeza ananijibu kwamba alifuata ulichokiacha wewe. Basi nimekuja kwa mwenyewe.

Kwanza habari za nyumbani. Matanga tulianua salama. Ndugu zako wa Shinyanga walikuja wote, wakala, wakalia, wakagombana kidogo kama kawaida yao. Kulwa amerudi chuoni. Doto yuko Geita bado, kwenye gereji, anasema mikono yake imeanza kufanana na yako. Banda lako la Nyasubi nimelifunga. Mafriji ya watu nimewarudishia, yaliyopona na yasiyopona. Mama mmoja alikuja kuchukua la kwake, akalia pale mlangoni kuliko alivyolia msibani. Alisema hatampata fundi mwingine anayeweka sikio kwenye friji na kutulia hivyo. Nilikubaliana naye. Mafriji uliyasikiliza sana, mume wangu.

Sasa mambo ya ndege.

Miaka mitano kulikuwa na mlingoti juu ya bati letu hapa Nyahanga, na juu ya mlingoti nyaya za shaba ulizozikunja mwenyewe kwa koleo. Waya unashuka ukutani, unapita kwenye dirisha la jikoni, ambalo tangu siku hiyo halijawahi kufungika vizuri, unaingia kwenye kidude kidogo kama flashi, na kidude kinaingia kwenye kompyuta. Ndege inayopita angani inatangaza yenyewe namba yake, iko juu kiasi gani na inakwenda kasi gani. Kidude kinasikia, kompyuta inachora nukta. Basi, yameisha. Nimeeleza kwa maneno ambayo hata mtoto wa darasa langu angeyaelewa.

Wewe je? Jirani akikuuliza, "Fundi, ule mlingoti ni wa nini?" unajibu, "Nasikiliza tu." Unasikiliza nini? "Vinavyopita." Halafu unacheka, unaingia ndani, unamwacha mwenzako amesimama kwenye ua wetu kama mtu aliyeulizwa kitendawili. Nilikwambia mara ngapi? Nilikwambia watu wa hapa hawapendi kitu wasichokielewa kikae juu ya bati. Ulisema, "Mama Kulwa, wakitaka kujua wataingia waone." Hakuna aliyeingia. Walichungulia.

Mimi nilijua kwa sababu ulikuwa unanisimulia wakati nasonga ugali. "Kuna moja hapa inatoka kusini, iko futi elfu thelathini na saba, wala haijui kama sisi tupo." Nami nasema mh. "Hii jana ilipita saa hizi hizi." Mh. Mh zangu ungezipanga barabarani zingefika Isaka. Lakini masikio yangu yalikuwa wazi, na hilo hukulijua, au labda ulilijua.

Wiki ya pili baada ya matanga akaja mwanamume mmoja amevaa buti zenye matope makavu. Aliniamkia vizuri, "Mwangaluka, mayu," akakaa, akatoa pole, akanywa maji. Kisha akasema, "Tumesikia marehemu aliacha mashine."

Nikamuuliza mashine gani, maana vifaa ulivyoacha ni vingi na nusu yake ni vya watu.

"Ile ya kuonea mbali." Akatazama mlango, akashusha sauti. "Ya dhahabu."

Baba Kulwa, nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu tukuzike, na niliona haya. Nilimwambia hakuna mashine ya dhahabu, kuna redio ya kusikiliza ndege. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayemkubalia mfiwa kila neno, akaondoka. Kesho yake wakaja wawili. Juma lililofuata akaja mwingine akiwa na mchungaji wake, waiombee mashine kwanza kabla ya kuzungumza nami. Wote niliwaambia ni ndege. Wote walitikisa kichwa vile vile.

Nilikuja kuelewa baadaye, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Kompyuta yenyewe ni kongwe. Picha za ndege zilikuwa zinaifanya igande, ukaamua kuziondoa, zibaki nukta. Zinazoruka juu sana ukaziweka za bluu, zilizo chini ukaziweka za njano. Sawa. Sasa hebu niambie, huku kwetu ndege gani huruka chini? Ni vile vindege vinavyopeleka watu mgodini Bulyanhulu. Kwa hiyo mtu akichungulia dirishani kwangu anaona nini? Anaona nukta za njano zinatoka huku na kule, zinatembea taratibu, zinakusanyika upande gani? Upande wa mgodi wa dhahabu! Hata mimi ningekuwa mchimbaji ningeamini. Ningekwenda kutafuta sururu siku hiyo hiyo.

Lakini hilo lingekuwa la kuchekesha tu kama si ramani yako.

Masanja alikuja Jumanne ya juma lile. Alikaa pale unapokaa wewe, akasema anataka kitu cha kumkumbuka kaka yake. Mdogo wako huyo unamjua, akisema jambo la majonzi anatazama vidole vya miguu. Nikamwambia achukue mlingoti, waya, kidude na kompyuta, na ile ramani kubwa uliyokuwa umeitundika bandani. Nilimpa hata chaja. Nakiri nilifurahi. Niliona dirisha la jikoni litafungwa na mbu watabaki nje. Nilimfungia vyote kwenye kiroba kwa mikono yangu mwenyewe, kwa hiyo ukiona nakugombeza ujue nami nimo.

Ijumaa iliyopita Doto akanipigia simu. "Mama, baba mdogo amefungua duara la kuchimbia."

"Wapi?"

"Nyuma ya kile kilima cha mawe, njia ya Bulyanhulu. Watu wanasema wanachimba dhahabu aliyoiona baba."

Sikulala vizuri. Jumamosi kulipopambazuka nikachukua bodaboda. Kijana aliyeniendesha alitaka kuzungumza njia nzima, nikamwomba anisamehe. Barabara imelowa, mvua za vuli hazijachoka mwaka huu, tuliteleza mara mbili. Kufika kule nikaikuta kambi. Hema la maturubai, mama mmoja anapika uji, vijana kama kumi, na shimo. Baba Kulwa, shimo lilikuwa limeshuka urefu wa watu watatu, kwenye udongo mwekundu uliolowa, na hawakuweka hata timba moja la kushikilia kuta. Walikuwa na haraka. Dhahabu ya marehemu haisubiri mbao.

Chini ya turubai, juu ya kreti la soda, kompyuta yako. Mlingoti wako umechomekwa kwenye kichuguu. Na ramani yako imepigiliwa kwenye ubao, na juu yake duara jekundu ulilochora kwa kalamu yako, na mwandiko wako ule wa kulala upande mmoja: "Zinazama hapa. Zipo, ila hazionekani."

Masanja akaniamkia, akanionyesha kwa kidole. "Shemeji, kaka aliandika mwenyewe. Sisi hatukubuni."

Nilisimama mbele ya ule ubao nikasoma mara tatu. Najua maana yake kwa sababu uliniambia, Krismasi ile nilipokuwa nachambua mchele. Ulisema ndege zikishuka kwenda mgodini zinapita nyuma ya kilima cha mawe, kilima kinaziba, kidude hakisikii tena, nukta inapotea ingawa ndege yenyewe ipo. Nikasema mh. Ukaenda kuchora hilo duara lako ukiwa na furaha kama mtu aliyegundua chemchemi. Na ukaandika sentensi mbili nzima, na ndani ya sentensi zote mbili hukupata nafasi ya kuandika neno ndege. Herufi tano! Mimi nafundisha watoto wa miaka tisa, kila siku nawaambia: sentensi lazima ioneshe anayetenda. Nani anazama? Nani yupo? Mume wa mwalimu!

Niliwaeleza wote. Nilieleza kama ninavyoeleza darasani, polepole, nikachora mchangani kilima, ndege, nyumba yetu. Masanja akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lakini tulipoileta mashine huku, shemeji, nukta za njano zimeongezeka."

Bila shaka zimeongezeka! Sasa kilima hakizibi, mko upande wa pili wa kilima! Nilisema hivyo kwa sauti ambayo mama wa uji aligeuka kunitazama.

Nikaona nitumie njia nyingine. Nilitazama kwenye kioo, kulikuwa na nukta ya bluu inakuja kutoka kaskazini. Nikawaambia vijana wote watoke nje ya turubai, watazame juu, pale penye mwanya wa mawingu, wasubiri. Wakasubiri. Mmoja akaanza kucheka. Kisha ikatokea, nyeupe, ndogo kama punje ya mchele, inavuta mstari nyuma yake, inapita pale pale niliposema. Nilijisikia fahari, Baba Kulwa, nisikufiche. Niliwaza: laiti angekuwepo anione.

Ndipo kijana mmoja anaitwa Nkwabi, ndiye anayeingia shimoni kwanza, akasema kwa mshangao wa kweli, "Kumbe inaona na ndege pia!"

Na ndege pia.

Nilimgeukia Masanja, nikidhani yeye angalau amenielewa. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Akasema, "Shemeji, usinikasirikie. Wewe ni mtu mwenye akili. Mtu mzima, fundi, ana familia, akae miaka mitano kila siku akitazama ndege tu? Ndege asiyopanda, ya watu asiowajua? Kwa faida gani?"

Mbele ya watu wote wale nikasema mh.

Nkwabi akaanza kujifunga kamba. Upande wa Bulyanhulu mawingu yalikuwa meusi, upepo ulishabadilika. Wewe unajua mimi naona nini nikiona kijana anajifunga kamba. Tulikuwa bado wachumba siku walipomtoa kaka yangu maiti shimoni kule Geita. Wewe ndiye uliyenishika mkono, na hukusema neno, na siku ile kutosema kwako kulinifaa. Basi nikafanya jambo moja tu lililonijia. Nikavuta ile kamba, nikaikunja chini, nikaikalia.

"Mama, tunaomba kamba."

Nikasema sitoki.

"Mwalimu, siyo vizuri hivyo."

Sitoki. Walibembeleza, wakanitania, mmoja akasema huyu mama anataka kula peke yake. Masanja alikuja akachuchumaa karibu yangu, akaninong'oneza, "Shemeji, unaniaibisha mbele ya watu wangu." Nikamwambia aibu inaoshwa ikatoka, na kwamba kama anataka kamba aje aninyanyue kwa mikono yake, mke wa kaka yake, hapo hapo, wote waone. Hakuninyanyua. Saa tatu, saa nne, saa tano. Nilikaa nikiwa na njaa, nikikulaumu neno kwa neno. Mama wa uji akaniletea kikombe.

Mvua ilianza karibu na saa sita. Wote walikimbilia turubai, mimi nikabaki juu ya kamba yangu, nimelowa mpaka chupi, samahani, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilijua nikiinuka tu, mvua ikikatika wataingia. Sijui nilikaa muda gani. Nilisikia ardhi inahema chini yangu, na kabla sijaelewa mtu amenishika mkono kwa nguvu akaniburuta kwenye tope. Alikuwa Masanja. Ukuta wa shimo ukakaa chini, polepole, kama mzee anayekaa kwenye kigoda, kisha ukuta wa pili ukaufuata. Kamba ikaenda, ndoo ikaenda, na mahali nilipokuwa nimekaa pakaenda.

Nkwabi alisimama kwenye mvua akawahesabu wenzake kwa kidole. Akamaliza, akaanza upya. Alihesabu mara tatu, na mara zote tulikuwa wote.

Ungedhani hapo yameisha. Mimi nilidhani. Mvua ilipopungua, sauti moja nyuma ya turubai ikasema, "Mama kaifukuza dhahabu." Na mwingine, kijana mwenye sura nzuri tu, mpole, akaniuliza kwa adabu kabisa kama nafikiri upande ule mwingine wa kilima udongo ni mgumu zaidi.

Nililia, Baba Kulwa. Watu wakadhani nakulilia wewe, wakanishika mabega. Nililia kwa hasira.

Masanja alifungua waya kwenye mlingoti, akaanza kuukunja kiganjani na kiwikoni, raundi kwa raundi, bila haraka. Alipomaliza aliwaambia vijana wake kwamba pale pamefungwa, na upande ule mwingine pia, na anayetaka kuchimba akachimbe kwa jina la kaka yake mwenyewe. Ni yeye aliyewaambia. Nataka ulijue hilo. Mdogo wako ni mjinga kama wewe ulivyokuwa mkimya, lakini alinivuta mkono, na alisema neno hilo.

Jumapili baada ya ibada alikuja na kiroba. Akapanga vyote mezani: kidude, waya, kompyuta yenye tope kwenye vifungo, ramani imechanika pembe. Nikampa chai. Akanywa yote, akaweka kikombe, akasema, "Shemeji, sasa tuko wawili. Niambie kweli. Kaka alikuwa anapata nini?"

Nikasema, "Alikuwa anapenda kujua nani anapita."

Masanja akangoja. Alidhani kuna sentensi nyingine inakuja. Nami nikangoja pamoja naye, na haikuja. Nimeolewa nawe nikiwa na miaka ishirini na mbili, nimekuzalia mapacha, nimekuosha ulipoanguka kwa kiharusi na mkono wako ukakataa, na katika muda wote huo sikukuuliza hata mara moja: kwa nini? Nilijua futi, nilijua rangi, nilijua kilima. Kwa nini sikuuliza? Nilikuwa nasubiri ueleze mwenyewe, nawe ulikuwa unasubiri uulizwe, na ugali ulikuwa unaiva. Hasira ikanigeukia mimi. Nikaivumilia kwa muda, kisha nikairudisha kwako, maana wewe sasa hivi una nafasi ya kuibeba na mimi nina madaftari ya kusahihisha.

Masanja alipanda juu ya bati akarudisha mlingoti. Sikumwomba, wala sikumkataza. Dirisha la jikoni halifungi tena, mbu wamerudi. Doto alimwelekeza kwa simu jinsi ya kurudisha picha za ndege badala ya nukta. Sasa kompyuta inakwenda kwa kukwama kwama, picha inaruka kutoka hapa hadi pale kama panzi, lakini ni ndege, ina mabawa, hata kipofu akiipapasa atajua. Ramani nimeibandika gundi. Kwenye maneno yako nimeongeza lile neno lililokosekana, kwa kalamu nyekundu ya mwalimu, na kialama cha kuonyesha linaingia wapi.

Jana Nkwabi alikuja kusalimia. Alikuwa anapita kwenda sokoni. Akasimama mbele ya kioo, akauliza kama anaweza kuangalia kidogo. Akaangalia ndege moja ikiingia upande wa kusini, akaifuata mpaka ikatoka upande wa juu, muda mrefu, mikono nyuma. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyempoteza mtu. Nilidhani anaaga dhahabu yake. Kisha akaniuliza, "Hii inakwenda wapi, mama?"

Nikatazama zile namba. Sikujua. Nikamwambia marehemu angejua. Akasema, "Pole sana, mama," na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikaona pole imeingia mahali pake.

Nakuaga sasa, Baba Kulwa, maana kesho watoto wana jaribio na sijatunga hata swali moja. Pumzika. Ahadi ninayokupa ni hii: sitakusifia kuliko ulivyokuwa, kama tunavyowafanyia wafu. Mtu akiniuliza mume wangu alikuwa mtu wa namna gani, nitamwambia alikuwa mtu mwema ambaye alikuwa haelezi, na kwamba karibu aue vijana kumi kwa sentensi mbili. Akitaka kusikia zaidi ya hapo, nitamvutia kiti.

Mkeo,
Mama Kulwa